Fundi Saa Aliyeacha Kukohoa kwa Amri ya Mke

Ndugu waombolezaji, majirani, wateja ambao saa zenu bado zimo kibandani, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa kuwa mmekuja kusikiliza kama ile habari ya kikohozi itasomwa, tunawakaribisha nyote, kaeni, itasomwa, mjane mwenyewe amesema isirukwe hata mstari mmoja.

Ndugu yetu mpendwa, ambaye wengi wenu hamkulijua jina lake la cheti kwa kuwa mlimzoea kwa jina la Sekunde, alizaliwa siku ya Jumapili, tarehe 14 Agosti 1949, katika chumba cha pili cha nyumba za wafanyakazi nyuma ya bohari la nafaka, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa baba aliyekuwa mtunza bohari na mama aliyekuwa akishona magunia, na alizaliwa kwa kuchelewa, mkunga alifika, akangoja, akaenda kwake kula, akarudi, mtoto bado, na wale waliompelekea saa zao baadaye hawatashangaa kusikia hivyo.

Alianza masomo mwaka 1957 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza darasa la nane mwaka 1964, na katika mambo yote aliyojifunza huko linalokumbukwa ni moja tu, kwamba akiwa darasa la sita aliishusha saa ya ukutani ya ofisi ya mwalimu mkuu, akaifungua yote, akaifunga, zikambaki nati mbili mkononi, na saa ikaenda vizuri kuliko ilivyokuwa, hata mwalimu mkuu hakujua amchape au amshukuru, akaamua kufanya yote mawili, akianza na fimbo.

Mwaka 1966 alipelekwa kujifunza ufundi kwa mzee mmoja fundi saa, mkali kama pilipili kichaa, aliyemfundisha kushika kibano bila kutetemeka na kuvuta pumzi kupitia puani tu, kwa sababu saa ya mkononi ikiwa wazi mezani ni kama kichanga kitandani, haipuliziwi. Mwaka 1971 alifungua kibanda chake mwenyewe, chenye vioo pande tatu, katika kibaraza cha duka la vifaa vya ujenzi, kibanda ambacho upana wake ulimtosha yeye, kiti, taa na meza, hata ukitaka kumsalimia kwa mkono ilibidi kwanza yeye atoke nje. Jina la Sekunde alilipata hapo, kwani kila aliyekuja kuulizia saa yake alijibiwa, "Nipe sekunde moja tu," na sekunde hiyo iliweza kuvuka mfungo, mavuno na msimu wa mvua, lakini saa ikitoka imetoka, na hakuna mtu aliyewahi kuirudisha, labda kwa kuogopa sekunde nyingine.

Siku ya Jumamosi, tarehe 7 Juni 1975, alifunga ndoa na wifi yetu, huyu mnayemwona hapa mbele, ambaye wakati huo alikuwa karani wa posta, kazi yake kugonga mihuri, na mapenzi yao yalianza pale Sekunde alipoitwa kutengeneza saa ya posta, akaitengeneza, wiki iliyofuata akarudi kuikagua, wiki iliyofuata akarudi tena, mpaka msimamizi wa posta akasema kwa sauti ya kusikika ukumbi mzima kwamba saa ni nzima, mgonjwa ni fundi. Wifi yetu ni mwanamke mwema, mchapakazi, mkarimu, na ana wivu, hili tunalisema mbele yake na anatikisa kichwa kukubali, ana wivu wa kumtosha yeye na mtaa mzima ukabaki wa akiba, aliwahi kukasirikia sauti ya mwanamke iliyokuwa ikitangaza saa kwenye redio, kwa sababu mumewe aliisikiliza akiwa amefumba macho.

Katika ndoa hiyo walijaliwa watoto wanne, mabinti watatu na kijana mmoja, wa kwanza alizaliwa mwaka 1976 na sasa ni mwalimu wa hesabu, wa pili na wa tatu walizaliwa pamoja mwaka 1980, mmoja akitangulia na mwenzake akichukua sekunde yake, na kitinda mimba alizaliwa mwaka 1985, yeye ni fundi wa simu, kazi ambayo baba yake aliitazama kama mtu anavyomtazama mkwe asiyemchagua, na marehemu ameacha pia wajukuu tisa.

Sasa tufike kwenye maradhi.

Mwaka 2008 marehemu alianza kuona kizunguzungu kila alipoinuka kitini, akapimwa katika hospitali ya wilaya, akaambiwa ana presha, akapewa vidonge na kadi ya kliniki, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi. Januari 2010, kwa kuwa presha haikushuka vya kutosha, akabadilishiwa vidonge, na hivi vipya viliishusha vizuri, hakuna ubishi, ila kabla mwezi haujaisha kikamwanza kikohozi, kikavu, hakina makohozi wala homa, mtekenyo tu kooni, kho-kho, kisha kimya, kisha kho-kho, na kwa mtu wa kazi nyingine hilo lingekuwa jambo dogo, lakini kwa fundi saa kukohoa mezani ni kimbunga. Siku moja aliifungua saa ndogo ya kike ya dhahabu, akajizuia, akajizuia, machozi yakamlengalenga, kikamponyoka, na springi nyembamba kama unywele wa mtoto ikaruka kupitia mlango wa kibanda mpaka kwenye mchanga wa nje, wakachunga mchanga wa kibaraza chote kwa chekeche la unga mpaka jua likazama.

Upande wa pili wa kibaraza, mlango ukitazamana na kioo cha Sekunde, alikuwapo mama mmoja mjane aliyelihamishia pale duka la marehemu mumewe mwaka uliotangulia, muuza makufuli, vitasa na bawaba, naye tulimwita Mama Kufuli, mwanamke mnene wa heshima, msema kweli, na mama huyu naye alikuwa akikohoa, kikavu vilevile, tena yeye alikuwa ameanza zamani. Basi Sekunde akikohoa huku, kho-kho, Mama Kufuli hujibu kule, kho, na katikati yao, kwenye kiti chake cha kuzunguka, alikuwapo kinyozi, ambaye tunamheshimu, yupo, tunamwona, kinyozi ambaye mkasi wake hukata nywele na mdomo wake hushona habari.

Kinyozi alianza kwa kuhesabu. Akawaambia wateja wake kwamba fundi akikohoa mara mbili mama hujibu mara moja, hiyo ni ishara, wala si bure, na tena tazameni, kila Jumanne ya kwanza ya mwezi kibanda kimefungwa na duka la makufuli limefungwa, wote wawili hawapo, wanarudi mchana, mmoja akitangulia na mwingine akifuata nyuma kama hawajuani. Maneno yakaondoka kwa kinyozi yakiwa mepesi, yakapita sokoni yakaongezwa uzito, yakapita kisimani yakatiwa chumvi, na yalipogonga mlango wa wifi yetu yalikuwa tayari na nyumba ya kupanga, kitanda, na mtoto njiani, ingawa Mama Kufuli alikuwa na miaka hamsini na minane.

Wifi hakupiga kelele. Alingoja mumewe ale, ashibe, anawe, ndipo akamwambia, "Baba watoto, naomba uniambie hicho kikohozi unakitolea wapi." Sekunde akasema kweli, kwamba anadhani ni vile vidonge, maana alipovisahau nyumbani siku walizosafiri kwenda arusi ya mpwa wake kikohozi kilipungua, na wifi akacheka kile kicheko kisicho na meno, akasema, "Presha iko kwenye damu, kidonge kiko tumboni, kikohozi kiko kooni, hao watatu wamejuana wapi?" Marehemu alikuwa fundi wa saa, si wa mwili, na alipoulizwa mbona kila Jumanne ya kliniki Mama Kufuli naye hayupo, hilo pia alishindwa kulieleza, kwa kuwa Mama Kufuli alikuwa amemwapisha. Mama Kufuli alikuwa mgonjwa wa kliniki ileile, lakini shemeji zake walikuwa wakilimezea mate duka la marehemu mumewe, wakingoja tu wasikie ana maradhi ili waseme hawezi kuliendesha, na siku ya kwanza alipokutana na Sekunde kwenye benchi la hospitali alimshika mkono akasema, "Fundi, hukuniona hapa," naye akajibu, "Sijamwona mtu," na Sekunde akishaahidi, ameahidi.

Wifi akalihamishia godoro la mumewe sebuleni, akamwambia maneno haya, na sisi tunayanukuu kama yalivyo, "Nikikisikia tena hicho kikohozi cha kuitana, naenda kwa dada yangu, na saa ya kunirudisha hujaitengeneza bado." Walikuwa wamekaa miaka thelathini na mitano pamoja. Marehemu alilala kwenye lile godoro akitazama dari, akapima, mkono mmoja dawa, mkono mwingine mke, na Julai 2010, bila kumwambia mtu, akaacha vidonge.

Kikohozi kikakauka. Wiki ya tatu kibanda kilikuwa kimya kabisa, na mtu angedhani amani imerudi, kumbe ndiyo kwanza kazi imeanza, kwani kinyozi alitangaza kwamba wamegombana, na wifi naye akakaa akawaza, akafikia uamuzi wake mwenyewe, kwamba mtu mwenye kikohozi cha kweli hawezi kukiacha kwa amri ya mke, aliyeweza kukiacha alikuwa akikifanya makusudi. Kwa hiyo marehemu alipokohoa alikuwa na hatia, na aliponyamaza hatia ikathibitika, godoro likabaki sebuleni, na ndani ya mwili wake presha ikaanza kupanda bila wa kuizuia. Kichwa kikawa kinamgonga asubuhi, miguu ikavimba, mishale ya saa akaiona miwili miwili, siku moja alimrudishia mteja saa akimwambia itunze vizuri, ina mishale minne, ni ya kizamani sana, na mteja akaondoka akidhani ni utani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kilikuwa kimeshaanza kuuliza nyumba yake.

Siku ya Jumanne, tarehe 5 Oktoba 2010, alijikokota kwenda kliniki. Wifi yetu akajifunika mtandio, akachukua mwavuli, ingawa hakukuwa na mvua wala jua, akamfuata nyuma, na safari hii alikusudia kuwakuta.

Akawakuta. Kwenye ule ukumbi mrefu wa kliniki, chini ya bango la moyo lililobanduka kona moja, mumewe alikuwa ameketi upande huu wa benchi na Mama Kufuli upande ule, katikati yao wazee chungu nzima na kadi zao, wifi akainua mwavuli, na kabla hajafungua mdomo, askari mstaafu aliyekuwa karibu na mzani akakohoa, kho-kho, bibi mmoja mwenye fimbo akapokea, kho, dereva wa lori kule mwisho akafuatia, Mama Kufuli naye akamalizia, vikohozi vya namna moja, vikavu, vifupi, kama vimekatwa kwenye kitambaa kimoja, na wifi mwenyewe ndiye anayesimulia kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa, "Jamani, mwanamke huyu ana wanaume wangapi?"

Wakati huo huo marehemu aliitwa ndani. Daktari alikuwa binti mdogo wa umbo, mpole, asiyeinua sauti, akamfunga kile kitambaa mkononi, akapima, akafungua, akafunga tena, akapima tena, mia mbili na kumi kwa mia na ishirini, akamuuliza, "Baba, dawa unakunywa?" naye ndugu yetu, Mungu amsamehe, akajibu, "Nakunywa vizuri sana, daktari." Hapo ndipo mlango ulipofunguka kwa ncha ya mwavuli.

Wifi akasema yote. Akasema huyu baba ni mwongo, daktari, usimwamini hata jina, huyu alikuwa akikohoa toka Januari, kutwa kucha, anamkoholea mwanamke aliyeko hapo nje mwenye makufuli, na nilipomjia juu mwezi wa saba akaacha, kimya, hata kimoja, sasa niambie, kikohozi gani kinachotii amri? Alikuwa ameandaa maneno mengine mengi, lakini daktari aliweka kalamu chini, akamgeukia yeye badala ya mgonjwa, akamwambia polepole, "Mama, rudia hapo. Kiliisha lini?" Wifi akarudia, mwezi wa saba. "Chote?" Chote. Daktari akamtazama Sekunde, Sekunde akatazama kiatu chake, na daktari akasema, "Baba, wewe umeacha dawa. Miezi mitatu. Unataka kufa?" Ndugu yetu akajibu kwa sauti ndogo, "Sikutaka kufa, daktari. Nilitaka kurudi chumbani."

Wifi anasema mwavuli ulimtoka mkononi wenyewe. Lakini hakuwa mtu wa kushindwa kwa jibu moja, akauliza lile swali lake, damu, tumbo na koo wamejuana wapi, na daktari, badala ya kumcheka, akamuuliza alikuwa akifanya kazi gani, wifi akajibu kwa kiburi chake chote, posta, mihuri, daktari akasema, basi vizuri, sikiliza.

Akasema figo ni kama kituo cha mbali kinachochuja damu, na kikiona damu inakifikia kwa ulegevu kinashtuka, kinadhani mwili unakauka, kinapeleka taarifa, na taarifa hiyo inaandikwa kwenye karatasi ambazo ini limeshazitawanya ndani ya damu, lakini mpaka hapo ni barua isiyo na nguvu, inazunguka na damu mpaka ifike mapafuni, na huko mapafuni ndiko anakokaa zaidi mgonga mihuri. Ikishagongwa muhuri, akasema daktari, kila inapofika inatiiwa, mishipa inajibana, na tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo kama kofia zinatoa amri yao, chumvi isitoke, na chumvi ikibaki maji nayo hubaki, na kiu inakushika juu yake, presha inapanda. Mtu akitokwa na damu nyingi jambo hilo ndilo linalomwokoa, ila mumeo, mama, figo zake zinalilia ukame wakati mto umefurika. Kidonge chake kinamfunga mikono mgonga mihuri, basi barua hazina nguvu, presha inashuka, lakini mgonga mihuri huyo ana kazi ya pili, anafagia, kuna vijitu vinavyowasha koo ambavyo yeye ndiye huviondoa, ukimfunga mikono taka zinabaki, na baadhi ya watu hukohoa, si wote, ila kama hawa uliowasikia nje.

Wifi akakubali, kwa sababu hata pale posta, mgonga mihuri ndiye aliyekuwa akifagia.

Mama Kufuli alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo, pamoja na nusu ya wagonjwa wa kwenye benchi, kwa kuwa mlango ulikuwa haujafungwa na hakuna aliyetaka ufungwe, akaingia ndani, akasema mbele ya watu wote, "Mke wa fundi, mimi ninameza vidonge hivyohivyo, nina presha, nimemfunga mumeo mdomo kwa ajili ya duka langu, na kama shemeji zangu wapo hapa wasikie, nina presha na duka siachii." Daktari akawaambia kipo kidonge kingine ambacho hakimgusi mgonga mihuri, kinaacha barua iandikwe, igongwe, ifike, kisha kinaziba mahali inapopokelewa, na Mama Kufuli akadakia, "Kama mtu amechomeka njiti kwenye tundu la kufuli, ufunguo ni wenyewe lakini hauingii." Daktari akasema hivyohivyo, na Mama Kufuli akamuuliza, "Sasa miaka yote hii ulikuwa unangoja nini kunipa mimi?" Daktari akajibu kwamba hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumwambia anakohoa, wote waliogopa kuonekana wana kifua.

Marehemu alilazwa siku hiyohiyo, wifi akakaa pembeni ya kitanda mpaka aliporuhusiwa, na godoro lilirudi chumbani kabla mwenyewe hajafika. Hakupona bila kuacha kitu, miezi ile ilimpotezea nuru ya jicho la kulia, ikabidi lenzi yake aivae jicho la kushoto na kujifunza kazi upya akiwa na miaka sitini na moja, na figo zake nazo zilipata ufa ambao haukuzibika. Lakini kidonge kipya alikimeza kila siku mbele ya mke wake, ambaye alikuwa akimwambia afungue mdomo aone kama kimekwenda, na Jumanne ya kwanza ya kila mwezi walikwenda kliniki watatu, wifi katikati, amewashika mikono wote wawili.

Mwaka jana zile figo zilianza kuchoka kweli, akapungua, akaacha kibanda, tarehe 9 Februari 2024 akalazwa, na siku ya Jumamosi, tarehe 17 Februari 2024, alfajiri, ndugu yetu aliaga dunia katika wodi ya wanaume ya hospitali ya wilaya, akiwa na umri wa miaka sabini na minne, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Familia inamshukuru yule daktari binti, ambaye sasa ni daktari mkubwa na amekuja, na wauguzi wote wa kliniki ya presha, tunawashukuru majirani kwa maji, viti na kuni, wenye maduka wa kibarazani waliofunga milango yao leo, na Mama Kufuli, aliyekesha na mjane tangu siku ya msiba, wamelala chumba kimoja, mwenye la kusema na aseme. Wenye saa kibandani, kitinda mimba atawarudishia, mpeni muda. Na ninyi mnaomeza vidonge kisha mkaviacha kimyakimya kwa sababu vinawasumbua, tunawajua, nendeni mkamwambie daktari, msijiamulie.

Mwisho kabisa, mjane ametuomba tumshukuru kinyozi. Amesema hivi, kwamba daktari alipima na Mungu aliponya, lakini kama si mdomo wa kinyozi yeye asingebeba mwavuli siku ile, asingeingia chumba kile, hakuna ambaye angejua dawa imeachwa, na mumewe angezikwa mwaka 2010 akiwa amelala sebuleni, kwa hiyo miaka kumi na mitatu ya chumbani aliyoipata baada ya hapo kinyozi anamdai shukrani na hamdai kingine chochote, na kinyozi asimame watu wamwone.

Asante, keti.

Ndugu yetu, umefika, pumzika sasa kwa amani, hakuna anayekuharakisha.